Shati la Kwenda Kliniki

Wanyama alisimama nyuma ya masweta ya mitumba yaliyoning'inia, vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, akisikiliza mapigo ya moyo wake. Macho yake yalikuwa kwa mkewe.

Nabintu alikuwa mbele yake, kwenye kichochoro cha soko la Owino, amevaa kitenge chake kizuri. Mwanamume mrefu mwenye kofia ya ngozi alikuwa amemwinamia sikioni. Nabintu alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja, vile alivyokuwa akifanya zamani Wanyama alipokuwa akimtongoza.

Nyumbani alikuwa amesema anakwenda mazoezi ya kwaya.

Wanyama alivuta pumzi ndefu, akaishika, akaiachia polepole. Daktari wa kliniki ya Ntinda ndiye aliyemfundisha hivyo. Haikusaidia.

Ugonjwa wenyewe ulianza na mvua. Moyo unadunda kama mtu anayegonga geti, unatulia, kesho unarudi. Ukimkuta kazini Nakawa alizima mashine ya kuchomelea, akaketi juu ya vyuma na kungoja kufa. Mara tatu alikwenda kliniki. Mara tatu walimpima damu, wakambandika waya kifuani, na mara tatu majibu yalitoka safi.

"Ssebo, bwana wangu, moyo huu ni mzima," daktari alimwambia mara ya mwisho. "Hofu peke yake inaweza kuudundisha. Nyumbani kuna amani?"

Wanyama alifunga vifungo vya shati. Kila akienda kule alivaa shati jeupe la kanisani, kwa sababu ovaroli yake ilikuwa imejaa matundu ya cheche, na nesi Concy, mama mwenye wajukuu, ndiye aliyemshika mkono kuhesabu mapigo. Hakutaka kumnukia kutu.

Kisha akapelekwa Jinja kuchomelea mageti ya shule. Wiki nzima moyo ulilala. Naye akapata usingizi, akala, akasahau kujishika mkono. Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi, Nabintu alimwekea chai ya tangawizi kama kawaida, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Kunywa yote, Papa Tresor. Usiniachie hata tone."

Kabla hajafika Nakawa moyo ulikuwa umeshaanza.

Basi Wanyama akaelewa. Akiwa mbali na mkewe, ni mzima. Akimwona tu, anaumwa. Daktari alisema kweli: ilikuwa hofu. Ila daktari hakumjua Nabintu, hakujua alivyotembea, na jinsi wanaume wa mtaani walivyomsalimia kwa sauti ya chini.

Komakech, mwenzake wa karakana, alimmaliza kabisa.

"Bibi yako anaimba kwaya gani hiyo, mzee? Jumamosi nimemwona Owino amepaka wanja. Au siku hizi Mungu anakaa kwenye mitumba?"

Wote walicheka. Wanyama naye alicheka. Jumamosi iliyofuata akamfuata mkewe.

Sasa yule mwanamume alimshika Nabintu bega, akampeleka ndani zaidi, nyuma ya maturubai. Mfukoni Wanyama alikuwa na nyundo ndogo ya kazi. Alikuwa ameibeba bila kujiuliza ya nini. Alizunguka upande wa pili, akabana mgongo kwenye mabati, akasikia kila neno.

"Anakunywa?" mwanamume aliuliza.

"Anakunywa yote. Namsimamia mpaka anamaliza."

Wanyama alikaza mkono kwenye nyundo.

"Na moyo?"

"Unadunda, Tarcisio. Usiku anaushika hivi, anafikiri nimelala."

"Basi dawa imeshika. Ndivyo inavyofanya. Moyo ukidunda, ujue anakuwaza wewe."

"Ananiwaza mimi?" Sauti ya Nabintu ilipanda. "Kama ananiwaza mimi, Ntinda anafuata nini? Wamempima mara tatu, wamemwambia hana kitu. Mwanamume mzima, haumwi, anavaa shati la kanisani anarudi kliniki kufanya nini? Kuna nesi pale. Anaitwa Concy. Anamshika mkono."

"Anamshika mkono?"

"Ati anahesabu mapigo!"

Tarcisio alipiga mluzi. Wanyama alichungulia kwenye ufa. Aliona mizizi, magome, chupa za unga mwekundu zimepangwa juu ya gunia, na mkewe katikati yake anafuta machozi kwa pindo la kitenge.

"Huyo nesi ni hatari," Tarcisio alisema, akifunga kitu kwenye kipande cha gazeti. "Hii sasa weka vijiko viwili."

Wanyama, ambaye hakuna aliyewahi kumlilia kwa wivu, aliondoka kimyakimya. Nyundo iligonga paja lake njia nzima.

Asubuhi ya Jumatatu chai ilikuja. Aliinusa. Tangawizi ilikuwa juu, na chini yake kulikuwa na uchungu ambao miezi yote hiyo hakuwahi kuutafuta. Nabintu alisimama mbele yake mikono kiunoni, mzuri vibaya sana, hapumui.

Wanyama alikunywa mpaka mwisho. Akageuza kikombe juu chini kumwonyesha kwamba hakuna tone. Moyo ukaanza kugonga geti. Akainuka, akatoa lile shati jeupe kwenye msumari, akamnyooshea.

"Mama Tresor, nipigie pasi."

"Unakwenda wapi?"

"Ntinda," alisema Wanyama, na kwa mara ya kwanza tangu mvua alikuwa anatabasamu. "Moyo."

Nabintu alilipokea shati. Alilitazama, akamtazama yeye, kisha akakichukua kikombe.

"Basi ngoja kwanza," alisema. "Nikuongezee chai."