Mkimbio wa Mwisho wa Sulabha

Kalamu ya Sulabha iligoma kuandika. Akaitikisa kwa hasira, kana kwamba ndiyo iliyokuwa ikipiga mpira kule uwanjani.

"Kalamu haina kosa, Didi, dada yangu," alisema Trivedi-ji, mzee aliyekuwa akiandika alama za timu ya wageni kando yake, kama Sulabha alivyoandika za wenyeji. "Mwenye kalamu ndiye aliyekasirika. Leo unavuliwa taji, andaa hotuba."

Sulabha alitazama dirishani. Uwanja mzima wa kriketi wa Indore, India, ulikuwa umesimama. Nahodha Revati alikuwa amefikisha mikimbio mia na thelathini na tisa, sawasawa na rekodi ya timu ya taifa ya wanawake, ambayo kwa miaka ishirini na minane ilikuwa ya Sulabha peke yake. Ulibaki mrusho mmoja.

Kulingana tu kulishamchoma. Msichana huyu alikosa nini? Unahodha alipewa akiwa na miaka ishirini na mitatu. Uso wake ulikuwa kwenye mabango ya maziwa, na nusu ya watoto wa kike waliojaa majukwaani walivaa jezi yenye namba yake. Enzi za Sulabha wachezaji walilala kwenye sakafu ya treni na kuazimana glavu. Siku aliyoweka rekodi hapakuwa na kamera hata moja. Mashahidi walikuwa mwamuzi, mbwa wawili, na mwandishi mmoja wa gazeti aliyemsifu kwa kukimbia mkimbio wa mwisho huku akichechemea. Mpaka leo paja la kushoto humuuma kila baridi ikiingia.

Namba hiyo ndiyo pekee aliyobaki nayo. Na Revati, ambaye Sulabha mwenyewe alimfundisha kushika gongo, aitake hata hiyo?

Akose, aliomba kimoyomoyo. Akaona haya. Akaomba tena.

Mrushaji akaja mbio. Mpira ulidunda chini, ukampita Revati ukielekea pembeni, na wapigaji wawili wakapishana mbio. Mkimbio mmoja. Mia na arobaini. Fataki zikalia, na Trivedi-ji akampigapiga Sulabha begani kama mtu anayetoa pole msibani.

Lakini Revati hakuinua gongo. Alimwendea mwamuzi, akamwambia jambo, akagusa mguu wake. Mwamuzi akamsikiliza. Kisha akainua goti na kulipapasa kwa kiganja, akiwa amekielekea chumba cha waandishi wa alama.

Mpira ulikuwa umegonga mguu, si gongo. Mkimbio wa namna hiyo huandikiwa timu, hauhesabiwi kuwa wa mpigaji.

Mwandishi wa alama hutakiwa kuinua mkono kuonyesha kwamba ameona ishara. Sulabha aliuinua upesi mno hata akamwaga chai. Akaufuta mkimbio ule kwenye mstari wa Revati, na safari hii kalamu iliandika vizuri.

Wakati wa mapumziko Revati alipanda ngazi, jasho halijamkauka, na sahani ya vitamu vya jalebi mkononi.

"Tugawane, Didi," alisema. "Hizi na ile rekodi."

Sulabha hakugusa sahani. "Mwamuzi alishakupa. Ungenyamaza tu, nani angejua?"

"Wewe ungejua, ukanichapa." Revati alicheka, akajilamba sukari kidoleni. "Umesahau? Nikiwa na miaka kumi ulinizungusha uwanja mara tano kwa kunyamaza hivyohivyo. Ukaniambia mkimbio usio wa gongo lako utakuja kukuuma uzeeni."

Trivedi-ji alicheka sana. Akasema walimu wa aina hiyo hawazaliwi tena.

Sulabha aliinamia daftari. Mkono wake ulikuwa umeshashuka wenyewe kwenye paja la kushoto, pale ulipomgonga, bila kugusa gongo, ule mpira uliompa mkimbio wa mia na thelathini na tisa.