Mwiba wa Pili

Jumanne, saa nne asubuhi, mvua nyepesi. Mdogo wangu aliniwekea kupe chini ya hadubini.

"Dada, hebu tazama paja la mguu wa kwanza. Ana miiba miwili."

Kupe wa aina hiyo huwa na mwiba mmoja. Nimewachambua kwa miaka kumi na miwili. Yeye ana miezi minane tu hapa maabara.

"Huenda ni uchafu," nikasema.

"Basi msafishe. Lakini taratibu, nimempata huyo mmoja tu."

Profesa alicheka mlangoni. "Mwiba ukibaki, ni spishi mpya, na mgunduzi ni mdogo wako. Itabidi umpe shikamoo."

Nilipitisha brashi. Mwiba haukutikisika. Ulikuwa na rangi ya asali, na ncha yake ilipinda kidogo, kama ukucha wa mtoto mchanga.

Niliweka brashi chini, nikachukua sindano.

Mwiba ulivunjika bila sauti.

"Ulikuwa uchafu," nikasema.

Profesa alirudi ofisini kwake. Mdogo wangu aliandika daftarini "spishi inayojulikana", akanishukuru kwa kumwepusha na aibu. Mimi niliifuta sindano.