Hina Iliyokataa

Hina ilipobanduliwa, Bi Salhina, mama wa bwana harusi, alisogea dirishani akataka kuviona viganja vya Raya, bi harusi.

Cha kushoto hina ilikuwa imekolea karibu iwe nyeusi. Cha kulia ilikolea pembezoni tu. Katikati, palipopandikizwa nyama na ngozi ya tumbo, palikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Hina humkolea mke atakayependwa," alisema Bi Salhina. "Hapa imekataa."

"Ngozi ya tumbo ni laini, Mama, haishiki rangi. Daktari alikishona kiganja tumboni mpaka ngozi ikashikana nacho. Kiliungua kwa mafuta ya moto, nilipoyakinga yasimwagikie Shufaa."

"Kwa hiyo mwanangu atakuwa anapapaswa na tumbo!"

Wanawake wakaangua kicheko. Bi Salhina akakiachia kile kiganja kama mtu anayerudisha papai bovu kwenye fungu, akamgeukia Shufaa, mdogo wake Raya, aliyepakwa hina ya bakuli lile lile.

"Ndoa ni kesho, bado haijafungwa. Hebu nawe, binti, nione vyako."

Shufaa alimtazama dada yake. Kisha akavikunjua viganja vyote viwili, akavinyoosha kwenye mwanga.