Nungunungu Aliyefagia Shamba la Mkewe

Zamani wanyama walipolima, Nungunungu alifiwa na mkewe, akabaki na mibangi aliyoipanda marehemu. Kwa kuwa alipenda usafi, alifagia nyasi kavu zilizofunika mashina, akapangusa pia tando za Buibui aliyeishi shambani humo. Jua lilipochachamaa udongo uliungua, majani yakajikunja, vidukari wakayajaa.

“Sina kumbukumbu nyingine ya mke wangu,” alimwambia Buibui. “Itakufa?”

“Haifi, shemeji. Rudisha nyasi, mwagilia alfajiri, nami nitasuka upya.”

“Kumbe hakuwa mvivu wa kufagia.”

“Alikusikia ukimwita hivyo. Alicheka, akaongeza nyasi.”

Nungunungu alizirudisha nyasi shaghalabaghala, vilevile alivyoziacha mkewe. Kabla ya mvua, mibangi yote ilikuwa imesimama.