Sauti ya Akwinata

Kila aliyesoma Kiingereza kwa Mwalimu Esta alifundishwa na sauti ya marehemu wake. Alivaa kifaa kidogo sikioni, na akifaulu, sauti ilifutwa, kifaa akapewa mwanafunzi mwingine. Watoto walifundishwa na bibi zao huku wanacheka. Wapishi wa hoteli walifaulu upesi, wakaenda zao. Mzee Chinkambi peke yake, aliyefundishwa na marehemu mkewe Akwinata, alianguka kila mtihani.

“Kichwa kizito, mwanangu,” alikuwa akimwambia Mwalimu, akijipangusa jasho kwa leso.

Siku moja barazani alikaa msichana muuguzi, anangoja kifaa, na safari yake ya kikazi imekaribia. Mwalimu akammiminia mzee chai, akamuuliza kwa Kiingereza, kama maongezi tu, mkewe alipenda kupika nini. Mzee akajisahau. Kwa Kiingereza hicho hicho akasimulia kisamvu cha karanga, chungu kilichopasuka, na jinsi Akwinata alivyomfukuza jikoni kwa mwiko. Akacheka peke yake. Kisha akaona kalamu ya Mwalimu inaandika.

“Umenitega, mwanangu.”

“Umefaulu, baba. Kuna mwenzako anangoja.”

Mzee akakivua kifaa taratibu, akakifuta kwa leso, akakishika kama yai.

“Basi Kireno? Hata Kichina. Nianze upya, naye Akwinata aanze upya.”

“Hapa ni Kiingereza tu, baba.”

Mzee akainuka, akamkabidhi Mwalimu kifaa, akamshukuru kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja, kwa madaha ya mwanamke aliyezoea kukaribisha wageni. Mwalimu hakuweza kumtazama.