Kizingiti cha Nyumba ya Tisa

Nyumba zote za mtaa ule mwanafunzi aliingia, akakaa, akauliza maswali yake. Nyumba ya tisa peke yake ndiyo aliyoiulizia maswali nje, juani, kama mtu anayedaiwa.

"Karibu ndani, daktari," mama mwenye nyumba alimwambia kila wiki, mtoto mgongoni.

"Mimi si daktari, mama. Bado nasoma."

"Ndiyo maana hata sindano huna." Akacheka. "Ingia basi uone mtoto anavyokula uji. Humu ndani hakuna simba."

"Nina haraka. Ameharisha wiki hii?"

"Hata mara moja."

Aliandika, akashukuru, akaondoka bila kumtazama mtoto usoni.

Alikuwa anasomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na utafiti wake ulihusu maji. Bomba la mtaa lilitoa maji machafu, hilo halikuhitaji msomi kulijua. Nusu ya nyumba zingepewa chujio, ndoo mbili zilizopandana zenye mishumaa ya udongo ya kuchujia maji katikati. Nusu nyingine zingengoja miezi sita, kisha nazo zipewe. Kwa njia hiyo ingejulikana kama chujio linazuia kuhara. Nani aanze na nani angoje, kura iliamua, na profesa akaandika namba za nyumba kwenye ndoo kwa mkono wake mwenyewe.

"Kura ni kura," profesa alimwonya. "Ukianza kumhurumia mtu mmoja, umeuza utafiti mzima."

Kura iliipa nyumba ya tisa. Iliinyima ya kumi, na humo ndimo alimokaa shangazi yake.

Huyo ndiye aliyemlea. Tumbo lake lilikuwa bovu tangu zamani, na kila mvua zilipoanza lilimlaza kitandani. Basi siku ya kugawa, mwanafunzi alichukua kitambaa na spiriti, akafuta tisa ubavuni mwa ndoo, akaandika kumi, na kwenye orodha ya kura akabadilisha vivyo hivyo. Miezi sita tu, alijiambia. Mama wa nyumba ya tisa ni kijana, ana nguvu zake. Mtoto hakumfikiria. Au alimfikiria, akamruka.

"Chujio linaendeleaje, Shangazi?" aliuliza wiki ya kwanza.

"Linafanya kazi vizuri sana, mwanangu. Ile mishumaa inasuguliwa na nini?"

"Brashi laini. Bila sabuni."

"Na maji yake, mtoto mchanga anakunywa?"

Kalamu ilisimama. "Shangazi, humu kuna mtoto mchanga?"

"Nauliza tu. Siku hizi kuuliza kunalipiwa?"

Hakuomba kuliona. Kwingine alifunua kila ndoo na kuchungulia. Kwa shangazi aliandika "sawa" akiwa kitini sebuleni, akaaga. Kulitazama lile chujio kungekuwa sawa na kuutazama wizi wake.

Mvua zikaja. Maji ya bomba yakawa na rangi ya chai, na watu wa mtaa wakaanza kuugua. Kila alipokaribia nyumba ya tisa, mwanafunzi alisimama kwanza kwenye kona, akatega sikio kama kuna kilio. Badala yake alisikia kicheko. Mtoto alikuwa amenenepa mpaka mtaa mzima ukamwita Kibonge.

"Hii nyumba siielewi," profesa alisema akigonga meza kwa kidole. "Hawana chujio. Wana mtoto mdogo. Na hajaharisha tangu tuanze?"

"Labda wanachemsha maji."

"Labda? Umeingia jikoni ukaona?"

Mwanafunzi alitazama viatu vyake.

Siku hiyo aliamua. Angemwambia shangazi ukweli, alichukue chujio, alipeleke kwa mwenyewe. Shahada ikienda na iende. Kilo za Kibonge zilikuwa zimemkalia kifuani. Bahati ya mtoto yule isingedumu mvua nzima.

Alikuta mlango wa shangazi umefungwa. Watu wa nyumba ya jirani walisema amebebwa alfajiri, hata kusimama hawezi.

Wodi ya kipindupindu ilikuwa imezungushiwa uzio, ndugu hawaruhusiwi kupita. Daktari, wa kweli huyu, alimfuata kwenye benchi la nje.

"Alikuwa anakunywa maji gani?"

"Ya chujio. Nilimpelekea mwenyewe."

"Basi chujio lako ni bovu, kijana. Tumemtundikia maji mikono yote miwili."

Mwanafunzi aliinama, kichwa mikononi. Amemwibia mtoto kitu kibovu, akampa shangazi yake sumu. Sasa hata kitu cha kurudisha hakuwa nacho.

Baadaye nesi alichungulia getini. "Mgonjwa wako amefumbua macho. Anauliza kama Kibonge hajambo. Ndiye nani, Kibonge?"

Aliinama tena. Kwa hiyo shangazi alikuwa anajua, na hata pale alipolala, mtoto wa watu ndiye aliyemsumbua roho.

Aliponyanyua uso, mama wa nyumba ya tisa alikuwa mbele yake, anahema, Kibonge mgongoni na mzigo mkubwa uliofungwa shuka kichwani. Aliushusha taratibu. Shuka likateleza, zikaonekana ndoo mbili zilizopandana.

"Mpe akitoka. Wa kwangu sasa ana nguvu, yeye ndiye mwenye shida."

"Umelitoa wapi?"

"Kwake. Alinipa jioni ile ile mlipogawa, alipoona namba yangu imebaki ndani ya kifuniko. Niliahidi kutokuambia, ndiyo maana nilikuwa nakukaribisha ndani ulione mwenyewe." Alimweka mtoto sawa mgongoni. "Alisema ulikosea nyumba tu, na ukijua utaona aibu."