Sayari Iliyolala Ubavu

"Kitendawili," alisema Mshazari, kabla hata hajaambiwa aketi.

Mkurugenzi wa makumbusho ya sayansi aliinua macho. "Tega."

"Wenzangu wote huzunguka wima kama pia ya mtoto, mimi peke yangu nabingirika kama pipa."

"Umenishinda. Twaa mji."

"Sayari ya saba." Akatoa mkobani mpira wa mbao uliopitishwa kijiti katikati, akaulaza ubavu mezani, akauzungusha kwa kidole.

Alikuja kuomba kazi ya kuongoza wageni katika ukumbi wa nyota. Jina la Mshazari alipewa na mtaa, na mtaa haukosi jina la kumpa mtu. Alipokuwa darasa la pili gari lilimgonga akivuka barabara. Tangu hapo nyonga iliinama upande, akitembea utadhani anasikiliza siri ya bega lake. Watu walishampa kazi mbili za kuketi mapokezi, akazikataa zote. "Bibi," alimwonya bibi yake aliyemlea, "kazi ya huruma ni nguo ya kuazima, haisitiri matako. Usinitafutie."

"Ilikuwaje ikalala?" mkurugenzi aliuliza.

"Wataalamu wengi wanadhani iligongwa ikingali changa, na kitu kikubwa kuliko dunia yetu. Wengine wanasema hapana, ni mwezi wake ulioivuta polepole mpaka ikainama. Mimi nashika la kugongwa."

"Kwa nini?"

"Sura ya aliyegongwa naijua, mzee."

Mkurugenzi hakucheka. Aliutazama ule mpira mpaka ukaacha kuzunguka.

"Na kilichoigonga, kilikwenda wapi?"

Mtego huu, Mshazari aliwaza. Lakini alikuwa amesoma, tena si kidogo. "Huenda hakikwenda popote. Kiliyeyuka, kikabaki humohumo ndani yake."

Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Lakini inazunguka vizuri tu?"

"Inazunguka. Ila ncha yake moja hukaa gizani miaka mingi kabla ya kuliona jua."

Mkurugenzi alimrudishia mpira wake.

"Anza Jumatatu," alisema.

Nje, waombaji wengine wawili walikuwa bado kwenye benchi, viatu vimeng'arishwa, wakingoja zamu yao. Katibu akawaambia warudi nyumbani, nafasi imejaa. Mshazari aliwapita kichwa juu. Aliwaonea huruma kidogo.

Alimkuta bibi yake jikoni akimenya viazi.

"Nimeipata, Bibi. Kwa kichwa changu hiki, si kwa mguu."

"Hongera, mke mwenzangu. Nilijua utawagaragaza."

"Kanibana maswali yule mzee, nikamjibu yote. Hata wale wengine hakuwaita."

"Atawaitia nini tena?" Bibi alidondosha kiazi kwenye maji. "Mvi zimemjaa kichwa kizima, maskini. Siku zile alikuwa na nywele nyeusi ti."

Mshazari alishika ukingo wa meza.

"Siku zipi, Bibi?"

Kisu kilisimama. Bibi aliangalia maganda, akaangalia mlango, akakosa pa kuficha macho.

"Usinikasirikie, mwanangu. Mimi ni mzee, nitakuacha na nani? Nilimfuata ofisini kwake, nikamwambia: yule mtoto uliyemwangusha barabarani, sasa msimamishe."